Marehemu Pak Sarju Anakunywa Kahawa

Mimi ni Mbok Katmi, nauza kahawa hapa mjini Tulungagung, ukutani kati ya duka la uchapaji na gereji ya pikipiki, na benchi langu lina watu wale wale kila siku ya Mungu. Yupo Pak Jenggot, mzee wa ndevu, aliyekuwa akipanda nguzo za simu mpaka alipostaafu. Miguu ilishuka, mdomo ukabaki juu. Yupo Klowor wa gereji, ambaye suruali yake haijawahi kumkaa kiunoni, ndiyo maana tukamwita hivyo. Yupo Gudel, yaani ndama wa nyati, ingawa mama yake alimpa jina zuri la Bagas. Huyo ndiye kijana wa kompyuta pale uchapaji. Na yupo Pak Sarju mfuga bata, mtu mpole, anayeozesha mwanawe wa kiume mwezi huu. Siku ninayoisimulia, Pak Sarju alikuwa amekufa. Kadi ya harusi ya mwanawe ilisema hivyo kwa wino wa dhahabu: bwana harusi ni mtoto wa marehemu Bwana Sarju. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi langu, anapuliza kahawa kwenye kisosi ipoe.

Klowor: Marehemu, nisogezee sukari.

Pak Sarju: Klowor, acha mambo yako.

Klowor: Alaa, kumbe bado anasikia.

Mimi: Mwacheni mtu anywe. Na wewe, Pak, gilasi yangu usiende nayo huko.

Pak Jenggot: Mbok, mwekee mashapo mengi. Huko hakuna.

Pak Jenggot alikuwa kwenye kazi yake ya kila asubuhi, anachota mashapo ya kahawa kwa kijiti na kuchora maua kwenye sigara. Hapa kwetu mwanaume hawashi sigara kabla ya kuipaka. Anasema moshi unakuwa mtamu. Mimi naona ni mbinu ya kukalia benchi kutwa nzima kwa gilasi moja.

Pak Sarju: Ninyi mnacheka. Kadi ya mfano imeshapelekwa kwa wakwe. Bibi yake bibi harusi, Mbah Painten, kaisoma mwenyewe kwa miwani yake. Kasema haozeshi mjukuu wake kwenye nyumba ambayo mtu mzima anaandikwa maiti.

Mimi: Si watasahihisha tu, Pak? Ni karatasi.

Pak Sarju: Hataki kusahihishiwa! Anataka aambiwe nani kaniua. Kasema mtu hafi bila mkono wa mtu. Ikifika alasiri hajapata jina, anarudisha posa. Mwanangu tangu jana hajala.

Yule kijana tunamjua sote, Yoga, na tunajua alivyomhangaikia yule binti. Alikuwa akivuka mji mzima kwenda kununua vitunguu dukani kwao, wakati mimi mwenyewe nauza vitunguu.

Gudel alitokea mlangoni pa uchapaji, laptopu kwapani, jasho linamtiririka. Bosi wake alikuwa amemtoa ndani kwa maneno nisiyoweza kuyarudia mbele ya kahawa.

Gudel: Mbok, nipe ya moto. Nimesimamishiwa mtambo. Bosi kasema hauwaki mpaka nijue kosa liko wapi, na nisipojua leo, kesho nisije.

Klowor: Muuaji kaja mwenyewe! Pak Sarju, huyo hapo, mshike.

Gudel: Sikumuua mimi. Makro ndiyo imemuua.

Pak Jenggot: Makro ni mtu wa wapi?

Gudel: Si mtu, Pak. Ni programu. Mimi siandiki kadi moja moja, ningekufa. Naandika neno fupi, kwa mfano BAPA, na pembeni jina Sarju. Programu ikilikuta BAPA inalipanua yenyewe: "Bwana Sarju". Nikiandika UKUMBI, inaweka anwani, ramani, na "tafadhali msije na watoto wengi". Kadi za harusi zote za mwezi huu zimo kwenye faili moja, inazisoma kutoka juu mpaka chini.

Klowor: Na neno marehemu umelitoa wapi?

Gudel: Ndiyo sijui! Kwenye mstari wa Pak Sarju nimeandika BAPA tu, kama kawaida. Tazameni.

Aligeuza laptopu. Tukatazama. Palikuwa na BAPA na Sarju, hakuna maiti wala sanda.

Pak Sarju: Kwa hiyo nimekufa katikati. Niliingia mzima, nikatoka marehemu.

Gudel: Hasa! Kuna kitu kimetokea ndani, wakati wa kupanua. Ipo njia ya kukiona. Programu ina nyayo. Ukiiamuru, kila neno inalogeuza inakutangazia: nimelikuta neno hili, mstari huu, nimeligeuza kuwa hivi. Unafuata nyayo mpaka unamkamata mwizi.

Pak Sarju: Basi ziwashe hizo nyayo, baba, jua linapanda.

Gudel: Nimewasha tangu saa mbili. Haisemi kitu.

Alibonyeza tena mbele yetu. Kweli, kioo kilikaa kimya. Kadi zilitoka zote, na Pak Sarju alitoka marehemu vile vile, lakini nyayo, hakuna hata moja.

Sasa wewe waachie watu wangu jambo lisilo na majibu, uone kazi.

Klowor: Hilo nalijua. Ekzosi imeziba. Ndani inasema, nje haitoki. Juzi dada mmoja, Mbak Ratri, kaniletea pikipiki haina sauti, kumbe panya kazalia kwenye bomba.

Gudel: Hii haina bomba, Klowor.

Klowor: Kila kitu kina bomba. Mpaka wewe.

Pak Jenggot: Ngojeni, ninyi vijana. Mimi nimekaa juu ya nguzo miaka, najua sauti inavyosafiri. Sauti haipotei. Kama haitoki hapa, inatoka kwingine. Muda huu tunaoongea kuna mtu huko mjini Blitar, kakaa na chai yake, anasikia nyayo zako zote kwenye redio.

Gudel: Blitar kwa nani?

Pak Jenggot: Ningejua ningemtaja? Zamani mama mmoja wa Kauman alimpigia simu mumewe, ikaenda kwa mume wa mwenzake, na mpaka leo wamekaa pamoja.

Mimi: Pak Jenggot, hiyo hadithi kila mwaka mume anabadilika.

Pak Jenggot: Mume hajabadilika, Mbok, kazeeka tu. Sikilizeni. Mimi naona jambo kubwa zaidi. Programu imekataa kutoa ushahidi. Kwa nini shahidi anakataa? Anamwogopa mkubwa. Na mkubwa ni nani? Serikali. Sarju, niambie kweli, lini mara ya mwisho umepata barua ya serikali?

Pak Sarju: Barua? Mbona... mwaka huu sijapata.

Pak Jenggot: Ehe! Msaada wa mchele?

Pak Sarju: Walinipita. Walisema jina halimo.

Pak Jenggot: Haya. Mtu hana barua, hana mchele, jina halimo. Kwa mujibu wa serikali wewe ulishazikwa zamani. Kompyuta zinajuana, zinaongea usiku. Ya Gudel imeambiwa na ya wilaya, ikaandika ukweli. Aliyekosea ni wewe, unayekuja kunywa kahawa kama mtu aliye hai.

Nilimwona Pak Sarju anashika kifundo cha mkono wake, anajipima mapigo ya moyo kwa kuiba. Nikasikia hasira na kicheko vikinipanda pamoja.

Klowor: Tuhakikishe basi. Pak, pulizia hiki kioo cha pikipiki. Kikipata ukungu, uko hai.

Pak Sarju: Toa kioo chako!

Klowor: Pulizia tu, Pak, tukampe Mbah Painten kama ushahidi.

Na akapulizia, maskini. Ukungu ulitokea. Pak Jenggot akasema hiyo ni pumzi ya kahawa, haihesabiki.

Klowor: Mimi nina lingine. Labda hiyo programu inaona mbele. Haijasema Pak Sarju amekufa. Imesema kadi zikiwafikia watu, atakuwa ameshakufa. Inawahi, ili msichape mara mbili.

Mimi: Klowor! Ulimi huo! Rudia tena na kahawa yangu hunywi.

Pak Sarju: Harusi ni Jumapili ijayo...

Mimi: Pak, hufi. Bata wako ni wengi mno, nani atawalisha? Gudel, achana na hawa. Hizo nyayo ziliwahi kusema hata siku moja?

Gudel aliweka gilasi chini. Alinitazama, akatazama ukuta wa uchapaji, akajishika kichwa.

Gudel: Aisee.

Klowor: Aisee nini?

Gudel: Zilisema. Zilisema kupita kiasi. Mnakumbuka zile kadi za jando la mtoto wa Pak Mukri?

Nani angesahau? Kila kadi ilikuwa na mistari ya ajabu chini, nambari, vistari na maneno nusu nusu. Wageni walidhani ni nambari za viti. Walifika wanagombania viti, na Bu Mukri alimnyanyua shangazi wa mumewe kwenye kiti cha mbele kwa sababu kadi ya jirani ilikuwa na nambari moja.

Gudel: Zile zilikuwa nyayo. Niliziacha wazi, nikazikusanya pamoja na kadi kwenye faili moja, mtambo ukachapa vyote. Bosi akaniambia hataki kuyaona tena yale madude maishani mwake. Basi nikaiambia programu nyayo zake izipeleke pasipo na jina.

Pak Jenggot: Blitar!

Gudel: Hapana, Pak. Pasipo na jina ni popote pale, ni hewani. Ukiiambia izipeleke kwenye faili, zinaenda kwenye faili. Ukiiambia izipeleke kwenye kioo, zinakuja kwenye kioo. Ukiipa jina tupu, inazisema halafu inazitupa. Muda wote huu imekuwa ikisema! Mimi ndiye niliyeamuru isisikike.

Klowor: Kwa hiyo bomba lilikuwa limeziba.

Gudel: ...Ndiyo, Klowor. Bomba lilikuwa limeziba.

Klowor alipandisha suruali kwa fahari, ikashuka pale pale. Gudel akafuta lile jina tupu, akaelekeza nyayo kwenye kioo, akabonyeza.

Mungu wangu! Kioo kilianza kumwaga maneno kwenda juu, mbio, mistari juu ya mistari, huwezi kuuwahi hata mmoja. Gudel alikuwa amewasha kila kitu. Kila ua la pembeni ya kadi lilitangazwa, kila mstari wa dhahabu, kila UKUMBI na ramani yake nzima, kila "tafadhali msije na watoto wengi". Ungedhani ni mkutano wa kijiji siku ya kugawa mbolea.

Pak Sarju: Simamisha! Nimepita hapo, nimeona S yangu!

Gudel: Siwezi kusoma hivi.

Pak Jenggot: Chapa yote, tugawane. Kila mtu achukue rundo lake.

Mimi: Hapa kwangu mnakuja kunywa au kufanya mtihani?

Klowor: Mnisikilize mimi kwa mara ya pili leo. Injini ikigonga, husikilizi pikipiki nzima. Unaweka bisibisi sikioni, unaigusisha valvu moja. Wewe unataka kujua nini? Kilichompata BAPA. Sasa maua ya nini?

Gudel alimtazama Klowor kwa jicho ambalo sijawahi kuliona akimtazamia. Halafu akainama kwenye vibonyezo, akawa anasema mwenyewe anachofanya, kama mama anayehesabu viungo vya mchuzi. Maua, nyamaza. Ukumbi, nyamaza. Sema pale tu unapokuta BAPA. Ukikuta, taja mstari, taja jina ulilopewa, taja ulichotoa. Majina marefu yakate, sitaki vyeo vya watu. Akabonyeza.

Safari hii ilikuja mistari michache tu, ikatulia katikati ya kioo. Gudel aliisoma kwa sauti.

Gudel: BAPA, Samiran, imekuwa Bwana Samiran. Mzima. BAPA, Wiryo, imekuwa Bwana Wiryo. Mzima. Halafu hapa... BAPA, Tukiran, imekuwa marehemu Bwana Tukiran. BAPA, Sarju, marehemu Bwana Sarju. BAPA, Kasdi, marehemu. BAPA, Jumangin, marehemu. Mpaka chini. Wote.

Mimi: Wote?

Klowor: Kijana, umemaliza tarafa!

Pak Sarju: Kwa hiyo siko peke yangu?

Sijawahi kumwona mtu aliyefurahi hivyo kwa misiba ya wenzake.

Gudel: Nimeona. Nimeona! Imeanzia kwa Tukiran. Huyo alikufa kweli. Nilipofika kwenye kadi ya binti yake, nililivalisha neno BAPA kofia nyingine juu ya ile ya kawaida: badala ya kusema "Bwana", liseme "marehemu Bwana". Kadi ile ikiisha unaivua kofia, neno linarudi kama zamani. Mimi sikuivua. Kila baba aliyefuata akapita na kofia ya Tukiran.

Pak Jenggot: Tukiran! Kumbe ni yeye.

Klowor: Tukiran yupi?

Pak Jenggot: Yule wa nyuma ya soko, mchonga marumaru. Alikuwa anachonga mawe ya makaburi.

Klowor: Haa! Basi imeeleweka. Alikuwa anatafuta wateja.

Tulicheka mpaka benchi likasogea. Nakiri na mimi nilicheka, tena nilipiga paja. Klowor akasema Tukiran aliogopa kwenda peke yake, akakodi basi. Pak Jenggot akasema hakukodi, aliliteka. Pak Sarju, aliyekuwa mpole maisha yake yote, alisema yeye angeshuka njiani kuwaona bata.

Kisha akapiga simu kwa wakwe, akaiweka sauti kubwa tusikie sote.

Pak Sarju: Mbah, tumempata aliyeniua.

Mbah Painten: Nani?

Pak Sarju: Tukiran, mchonga marumaru wa sokoni. Marehemu mwenyewe. Kofia yake haikuvuliwa, Mbah, ikatuangukia sisi tuliomfuata.

Mbah Painten: Ana ugomvi nawe?

Pak Sarju: Hata simjui.

Tulisikia kuku wa huko kwao Boyolangu.

Mbah Painten: Ah. Maiti akikosea hakosei kwa chuki. Angekuwa mtu hai ningerudisha posa. Fanyeni kisomo na wali wa njano, mlishe majirani, yaishe. Na kadi iandikwe vizuri, nataka niione leo.

Pak Sarju aliketi chini, akafuta macho kwa kofia yake. Akaniagiza tempe, vile vipande vya soya, za kukaanga kwa benchi zima, za moto, na pilipili kila mtu ya kwake.

Pak Sarju: Sasa, Gudel, nifufue.

Gudel: Dakika moja. Nitafute mahali kadi ya Tukiran inapoishia, niandike pale kwamba kofia ivuliwe...

Klowor: Utafute nini tena? Kofia si unaiona hapo? Ing'oe!

Pak Jenggot: Ing'oe na mizizi, isirudi.

Mimi: Ing'oe baba, tempe zinapoa.

Kutoka ndani ya uchapaji sauti ya bosi wake ilipaa juu ya ukuta, inauliza kama mtambo uwashwe mwaka huu au ujao. Gudel aliutazama ukuta. Alirudi kwenye kioo, akaufuta ule mstari uliomvika BAPA kofia. Akasoma kadi ya Pak Sarju kwa sauti: mtoto wa Bwana Sarju na Bibi Ngatini. Tulipiga makofi. Wapita njia wawili walisimama kuuliza kuna nini, Klowor akawaambia mtu kafufuka.

Gudel: Na nyayo? Niziache zitembee, tuone na wengine?

Pak Jenggot: Zima! Unataka wageni wagombee viti tena?

Gudel akazirudisha kule pasipo na jina. Akatuma kazi ndani, na baada ya kitambo kidogo ukuta ulianza kutetemeka mgongoni mwetu, mtambo umewaka, kadi zinatoka. Tulikula tempe. Pak Sarju alieleza jinsi kifo kilivyo, kwamba ukikaa nacho asubuhi nzima unakizoea. Gudel, ambaye kesho yake ilikuwa imerudi mikononi mwake, alikunywa gilasi mbili, anatabasamu tu. Nami nilikuwa nakaanga na kucheka, nikaona siku imekwisha vizuri.

Binti mmoja alitoka uchapaji, kashika bunda la kadi kifuani, kavaa ushungi wa kijani kibichi. Hakuwa mteja wangu. Alituangalia mmoja mmoja.

Binti: Samahanini. Mas Bagas ni nani hapa?

Klowor: Ni huyu ndama. Karibu, Mbak, kula tempe, leo tumefufua mtu.

Binti: Asante, Mas. Mimi naitwa Wening. Bosi wenu kaniambia kadi zangu umeziandika wewe.

Gudel: Ndiyo, Mbak. Zina tatizo?

Wening: Zimetoka nzuri. Maua nimeyapenda. Ila kuna hapa.

Alichomoa kadi moja akampa. Gudel aliisoma kimya. Niliona rangi ikimtoka usoni, nikajua kabla hajasema. Pak Sarju alinyoosha shingo, akasoma kwa sauti, kwa mazoea tu ya asubuhi ile.

Pak Sarju: "Mnakaribishwa kwenye harusi ya binti wa Bwana Tukiran na Bibi Suminah..."

Klowor alikuwa na tempe mdomoni, hakuitafuna.

Gudel: Mbak, ni kosa langu. Kuna neno nililitoa kwa ajili ya... nililitoa haraka. Nitachapa upya zote, leo leo.

Wening: Sijaja kugomba, Mas. Najua ni makosa tu ya kuandika. Tatizo ni mama.

Aligeuka nyuma kidogo. Mbele ya uchapaji kulikuwa na becak, baiskeli ya abiria ya magurudumu matatu, imeegeshwa kivulini, na mama mmoja mwembamba ameketi ndani yake, kadi imo mapajani, mkono umeilalia.

Wening: Mama hajui kusoma. Anajua jina lake na jina la baba. Na lile neno la mbele. Tangu Shaabani kila karatasi tunayoletewa ina lile neno mbele ya jina la baba, ya msikitini, ya serikali, ya benki, mpaka akalijua umbo lake. Leo ndiyo karatasi ya kwanza halimo. Kaishika, hataki kuirudisha kwenye bunda.

Pak Jenggot aliizima sigara yake kwenye kisosi.

Gudel: Nitakuja kumweleza mwenyewe, Mbak.

Wening: Njoo basi, Mas, kwa sababu mimi nimeshindwa. Kanituma niwaulize ninyi mliomwandika. Anauliza baba mmemwona wapi.

Gudel alisimama, laptopu mkononi, akabaki amesimama. Tulitazamana benchi zima, watu ambao tangu asubuhi hatukukosa jibu la kitu chochote. Kule kwenye becak yule mama alikuwa ameshatugeukia, anatengeneza mtandio wake, anasubiri.